Pktmon: kinasa pakiti kilichomo tayari ndani ya Windows

Fundi yeyote anayehudumia mitandao ya ofisi ndogo na bado hajaijua pktmon, aijue: hunasa pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita kwenye mtandao. Imo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1809 la mwaka 2018, na Windows 11 inayo pia. Hupakui kitu. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake kuu, maana ninakoitwa mara nyingi intaneti yenyewe ndiyo mgonjwa.

Thamani yake niliiona kwenye stationari moja ya Ngamiani, hapa Tanga. Kompyuta moja inakatika, nyingine inaendelea. Kesho yake zinabadilishana. Mwenye duka alishanunua nyaya mpya, na wateja wa kujaza fomu za chuo walikuwa wanasubiri kwenye benchi. Nilifungua dirisha la amri kwa haki za admin kwenye kompyuta iliyokatika, nikaandika:

pktmon filter add -p 67
pktmon start --capture --pkt-size 0 --comp nics

Mlango wa 67 ni wa DHCP, yaani mazungumzo ya kompyuta kuomba anwani ya IP na ruta kuijibu. Kisha ipconfig /release ili kompyuta iachie anwani yake, ipconfig /renew ili iombe upya, na mwisho pktmon stop.

Nilipoisoma rekodi: ombi moja, majibu mawili! La kwanza lilitoka 192.168.0.1, la pili 192.168.1.1. Ruta ya duka ni hiyo ya pili. Nyingine ilikuwa ruta ya zamani iliyofungwa chumba cha nyuma ili kusambaza Wi-Fi, nayo ikawa inagawa anwani ingawa yenyewe haina njia ya kutoka nje. Kwa kawaida kompyuta hukubali jibu linalowahi kufika, kwa hiyo kila asubuhi ilikuwa bahati tu. ipconfig /all ingenionyesha ruta iliyoshinda, si zile zinazoshindana. Nilizima DHCP kwenye ile ya zamani, nikaiacha isambaze Wi-Fi peke yake, na duka likatulia.

Ina mambo ya kuzoea. Usipoweka --pkt-size 0 inahifadhi baiti 128 tu za kila pakiti, na hizo hazitoshi kusoma jibu la DHCP. Bila --comp nics, pakiti ileile inajirudia kwenye rekodi kwa sababu inanaswa kila hatua inayopita ndani ya Windows. Faili linatoka kama PktMon.etl, mimi naligeuza kwa pktmon etl2pcap, nalibeba kwa flashi, nalisoma kwenye Wireshark, programu ya kusomea pakiti, ya laptop yangu. Matoleo ya mwanzo hayana uwezo huo wa kugeuza, kwa hiyo sasisha Windows kwanza.

Ruhusa ya mwenye mtandao ni lazima. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila idhini, na pakiti nzima inaweza kubeba mambo ya wateja. Kazi ikiisha futa faili, halafu andika pktmon filter remove, ili chujio la leo lisikufiche pakiti utakazozitafuta baadaye kwenye kompyuta hiyohiyo.