Eti tatizo ni miguu yangu: uzoefu wangu wa kununua ubao wa theluji Denver

Kwanza niseme ubao wenyewe (snowboard, ule wa kutelezea theluji mlimani) hauna kosa. Ni ubao mzuri, wa kampuni yenye jina, na mtu wa kilo 70 mwenye mguu wa kawaida angetamba nao mlimani msimu mzima. Hasira zangu ni za duka lililoniuzia, hapa hapa Denver, na hasa za kijana mmoja wa pale mwenye ndevu za kupaka mafuta na kikombe cha kahawa kisichoisha. Duka silitaji. Wanaolijua watalijua.

Mimi ni mtu wa kilo tisini na kitu. Buti navaa saizi 12 ya Marekani, ambayo kwenye buti za theluji huandikwa 30 kwa sababu zenyewe hupimwa kwa sentimita za mguu. Hayo mawili, kilo na buti, ndiyo muuzaji yeyote wa mbao za theluji anatakiwa ayaulize kabla hata hamjamaliza kusalimiana. Urefu wa mtu unakuja baadaye sana. Ubao hauna habari kama wewe ni mrefu au mfupi. Unachohisi ni uzito ulioukanyagia, na kama wayo wako unaenea kwenye upana wake wa katikati.

Sasa huyu bwana alifanya nini? Kwanza, tulipoingia tu, mimi na shemeji yangu, kabla hatujafungua mdomo, alitunyooshea kidole kaunta ya kukodisha. Weusi wawili, makoti makubwa, basi hao ni watalii. Nikalimeza. Ukitaka kuishi mji huu kwa amani kuna vitu unameza. Nikamwambia nimekuja kununua. Akatazama ukutani, akashusha ubao, akausimamisha mbele yangu, ncha ikagusa kidevu. "Safi kabisa, huu ndio wako." Upimaji ukaishia hapo. Nikamuuliza, na shemeji ni shahidi, huu hautakuwa mwembamba kwa miguu yangu? Akajibu kwamba nikigeuza pembeni kidogo vibano, vile vinavyoshikilia buti kwenye ubao, mambo yatakuwa sawa, huku akiwa ameshaanza kuutembeza kwenda kwa keshia. Shemeji akaniinamia sikioni, "Shemeji, huyu anawahi kufunga duka."

Karibu dola 500 hizo, vibano mbali.

Tulikwenda Loveland, mlima wa kuteleza ulio pale juu karibu na mdomo wa handaki la Eisenhower, kwenye barabara ya I-70. Foleni ya Jumamosi kwenye ile barabara ningeiandikia malalamiko yake peke yake, lakini tuiache. Asiyewahi kupanda ubao ajue hivi: unasimama ubavu, na unageuka kwa kuulalia ukingo wa chuma, mara upande wa kisigino, mara upande wa vidole. Upande wa kisigino nilikwenda bila shida. Kila nilipolalia upande wa vidole, ubao ulikuwa unaniacha. Unashika, unashika, halafu ghafla ukingo unaachia theluji na mimi niko kifudifudi, theluji imejaa kwenye shingo ya koti. Tena na tena. Watoto wa miaka sita wanapita na kofia zao ngumu, wananiuliza kama niko salama.

Shemeji ndiye aliyegundua. Alikuwa nyuma yangu, akasimama pale nilipoanguka, akaniita nikaangalie. Kwenye theluji kulikuwa na mistari miwili. Mmoja mwembamba, umekatwa safi, huo wa ukingo wa chuma. Pembeni yake kulikuwa na mtaro mpana wenye kingo zilizochanika, na mtaro huo ulizidi kuwa mnene mpaka pale ule mstari mwembamba ulipopotea. Mtaro ni wa ncha za buti zangu. Zilikuwa zinatokeza nje ya ubao na kulima theluji, na buti likishagusa chini linaunyanyua ubao, ukingo hauna tena pa kushika. Buti la saizi yangu kwa nje linazidi sentimita 32. Ubao ule katikati ulikuwa na upana wa milimita 250 hivi. Hata ugeuze vibano mpaka magoti yalie, hesabu hiyo haikubali. Mtu wa saizi 12 anaanzia milimita 260 kwenda juu, na kampuni zote kubwa zina mbao hizo, zimewekewa herufi W baada ya namba ya urefu. Ziko ukutani. Zilikuwepo ukutani siku ile ile! Mkono wake ulizipita.

Nikarudi dukani, risiti mkononi, ubao umefutwa hadi unang'aa. Nikamweleza kistaarabu, hata picha ya mistari ile nikamwonyesha kwenye simu. Akaupindua ubao, akapitisha kidole kwenye ukingo, akanywa kahawa, kisha akasema, na hapa namnukuu kwa tafsiri:

"Ubao hauna tatizo. Tatizo ni miguu yako."

Jamani.

Miguu hii nimeirithi kwa babu mzaa mama, Tanga, ambaye viatu vya dukani vilimshinda maisha yake yote. Alikuwa anashonewa na fundi. Fundi yule hakuwa na shule ya kutisha, ila mtu akifika alitandika gazeti sakafuni, akamsimamisha juu yake, akazungusha penseli kila mguu kwa zamu yake, na bei ilizungumzwa baada ya hapo. Mimi nimeuziwa kitu cha mamia ya dola na mtu aliyepima kidevu, halafu miguu ndiyo yenye hatia.

Ninachoshindwa kuelewa zaidi ni hiki. Mchezo huu wenyewe umekulia kwenye kufukuzwa. Miaka ya themanini sehemu nyingi za kuskii Marekani hazikutaka kabisa kuona ubao, na hadi leo Alta na Deer Valley kule Utah, na Mad River Glen kule Vermont, hawauruhusu. Wenye mbao walikuwa ndio wahuni wa mlimani. Leo mtu anayekula kwa mchezo huo anasimama mlangoni kuamua nani wa kununua na nani wa kukodisha. Kurudishiwa pesa, hapana, kwa sababu ubao "umeshatumika". Kubadilishiwa, hapana. Ushauri wake wa mwisho ulikuwa nitafute buti dogo zaidi. Nilitoka kabla sijasema neno ambalo mama yangu angelisikia kutoka Tanga.

Kwa hiyo hapa ilikuwa niweke nyota moja na kufunga. Ila kuna fundi wa duka hilo hilo, mzee wa nyuma kule kwenye karakana, anayepaka nta na kunoa kingo. Alinifuata hadi maegeshoni na aproni yake. Akaomba kuona buti, akaliweka juu ya ubao pale pale kwenye buti la gari, akauinamisha ubao kwa ubavu taratibu. Ncha ya buti ikagusa chini mapema mno. Akatikisa kichwa. Akanieleza kuna vipande vya plastiki vya kuinua vibano ili buti likae juu kidogo, vinasaidia, ila kwa mguu wangu ni kudanganyana. "Uuze, nunua mpana." Akaniambia pia nisinunue tena bila kujaribu, kwa sababu milimani kuna siku kampuni zenyewe huleta mbao za majaribio, na maduka mengine hukodisha mbao za kuonja na kukukatia hiyo pesa ukinunua. Dakika tano, bure, kwenye baridi. Huyo mzee nampa nyota tano zake mwenyewe, na sijui nizihesabu wapi.

Ubao nikauuza mtandaoni kwa hasara kwa mwanafunzi mmoja wa Boulder mwenye vijimguu vya kupendeza, nikaanza kuonja mbao za kampuni mbalimbali.

Burton ndilo jina kila mtu analijua, na si bure. Jake Burton Carpenter alianza kuzitengeneza Vermont mwaka 1977 na mchezo ulikua pamoja naye mpaka alipofariki mwaka 2019. Mbao zao pana ni nzuri, hazina makeke. Nilichopenda ni ule mfereji wa kufungia vibano: badala ya matundu yaliyopangwa, unasogeza popote unapotaka, na mwenye mguu mkubwa anaweza kuuweka wayo katikati barabara, kisigino na vidole vikatokeza sawasawa. Nisichopenda ni kwamba baadhi ya vibano vyao haviingii kwenye ubao wa mtu mwingine. Ukishaingia kwao umeolewa. Na ile mitambo yao ya Step On, ambayo unakanyaga tu buti linanasa bila kufunga mikanda, nilimwonea wivu shemeji nayo. Mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye theluji navuta mikanda, yeye ameshateremka.

Lib Tech wao wapo jimbo la Washington, na ukingo wao hauko sawa kama wa wengine, una mawimbi, kusudi sehemu kadhaa zing'ate barafu kwa pamoja. Nilidhani ni mapambo. Asubuhi moja mlima umekuwa kioo, nikabadili maoni. Anayeishi Marekani ya mashariki, ambako barafu ndiyo maisha, aanzie hapo. Kwa theluji yetu kavu ya Colorado sikuona sababu ya kulipia mawimbi kila siku. Capita, wa kiwanda cha Austria, ni mwepesi na mkali, wa vijana wa kuruka. Nilijiona mzee juu yake. Jones wa Jeremy Jones, yule aliyeanzisha pia shirika la kutetea majira ya baridi, ni wa watu wanaopanda milima kwa miguu yao wakitafuta theluji isiyokanyagwa. Mimi natafuta lifti ya kunipandisha mlimani. Ride na K2 nilipita haraka, sina neno baya.

Kuhusu umbo, wauzaji wanapenda kukuchanganya hapa. Ubao ulioinuka katikati, ukiuweka chini unagusa karibu na ncha mbili, unang'ata vizuri lakini ukikosea kidogo unakurusha. Ulioinuka ncha na kukaa chini katikati unasamehe, unaelea kwenye theluji laini, ila kwenye barafu unababaika. Siku hizi wengi huchanganya yote mawili. Mtu wa kiwango changu achukue mchanganyiko, asibishane na mtu.

Nilichokinunua hatimaye ni Never Summer, ubao mpana, uliotengenezwa hapa hapa Denver na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1991 na ndugu wawili, Tim na Tracey Canaday. Nilinunua duka dogo, kwa mama mmoja mtu mzima. Maswali yake ya kwanza: kilo ngapi, buti gani, unatanguliza mguu gani. Akaniambia nivue viatu. Aliponiona nasita akasema, "Ndiyo, soksi pia sijali." Akafunga vibano, nikavaa buti langu, nikapanda juu ya ubao kwenye zulia, akaniegemeza mbele mpaka ubao ukasimama kwa ukingo wake, yeye amepiga magoti anachungulia chini. Nafasi ilibaki. Nikageuka ule upande wa vidole mlimani na theluji ikaacha mstari mmoja. Nilipiga kelele, shemeji akadhani nimeumia.

Ni mzito, nisiwadanganye. Kutoka maegeshoni hadi kwenye lifti unaujua uzito wake, na rafu za lifti nyingine hauingii vizuri. Kuna siku nautamani ule wa Burton wenye mfereji. Shemeji anasema nilinunua Never Summer kwa hasira, ili nipite mbele ya lile duka nimeubeba. Inawezekana. Nimepita.

Sasa nyota. Nilianza na moja. Nilipofika kwa yule mzee wa nta nikataka kupandisha mbili, maana duka linaloajiri mtu kama yule haliwezi kuwa bovu lote. Halafu nikaandika ile sentensi ya miguu kwa mkono wangu na damu ikanichemka upya, nikairudisha moja. Wiki iliyopita kingo zangu zilikuwa zimeota kutu, na hakuna anayenoa Denver nzima kwa bei na mkono wa yule mzee, kwa hiyo nimempelekea. Nilipitia mlango wa karakana. Yule wa ndevu aliniona kupitia kioo, akainua kikombe kunisalimu, nami nikageukia mzee kumuuliza kazi itakuwa tayari lini. Alhamisi, akasema. Basi iwe nyota mbili, ya pili ni ya mzee, na asije mtu mwingine wa pale akaidai.