Kliniki ya mifupa Upanga: nendeni Jumatano

Nashona nguo Tandika, mwaka wa 28 huu. Bega la kulia lilianza kunigomea mwezi wa tatu, na kufikia wa sita nilikuwa siwezi kufunga sidiria wala kufikia kisogo. Hospitali ya kwanza niliyokwenda, daktari aliandika dawa za maumivu kabla sijamaliza kueleza, akasema ni umri. Sikurudi.

Shoga yangu akanielekeza kliniki hii. Unashuka kituo cha Fire, unamalizia na bajaji. Kumwona bingwa ni 40,000, eksirei unalipia mbali. Foleni inachosha: nilifika saa moja asubuhi nikaingia saa tano, na viti ni vya plastiki. Wagonjwa wa mifupa tukae masaa manne juu ya viti vile? Hapo wajirekebishe.

Tukiwa kwenye foleni dada mmoja mwenye koti jeupe akapita. Mzee mmoja akamwita, "Sista, daktari anaingia saa ngapi?" Akajibu kwa adabu, "Shikamoo baba. Daktari ni mimi."

Mbele yake nilivua blauzi bila kujikunyata. Yeye mwenyewe aliunyanyua mkono wangu, taratibu, ukagoma usawa wa bega. Akauzungusha kwa nje, ukagoma tena. "Mama, bega limeganda. Linawapata zaidi wanawake wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari." Akaagiza nipimwe sukari palepale. Akauliza cherehani yangu iko juu kiasi gani, na nalalia upande gani. Hayo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nami nikamuuliza mbona madaktari wa mifupa wanawake hawaonekani. Akasema hata Marekani, ambako wasichana ni zaidi ya nusu ya wanafunzi wa udaktari, kwenye upasuaji wa mifupa wanawake ni kama 7 tu kwa kila 100. Wasichana wanaambiwa kazi hiyo inataka misuli. Na vifaa navyo: mikono yake inavaa glavu namba 6, lakini drili na koleo nyingi zimetengenezwa kwa kiganja kikubwa.

Hilo nililielewa kuliko chochote. Mkasi wangu wa kwanza wa kukatia ulikuwa wa fundi mwanamume. Ulinichubua kidole gumba mpaka nikauzungushia kitambaa, na watu wakasema sijui kukata.

Yupo Jumatano tu, siku nyingine zote ni wanaume. Wenye kliniki, tuongezeeni siku zake. Kuna mama zetu wanaugulia ndani kwa kuona haya.

Alinichoma sindano moja ya kwenye kiungo, akanifundisha kupandisha vidole ukutani kama buibui, asubuhi na jioni, na kuchora alama ninapoishia. Akaniambia bega la hivi linaweza kuchukua hata mwaka na zaidi kuachia. Leo ni wiki ya sita. Alama ya kwanza iko chini ya swichi ya taa, ya jana imeipita kwa shubiri moja.