Kadi ya sauti ya USB: usinunue kabla hujaangalia hapa

Karibuni tena watazamaji. Hiki kidude nilichoshika, ukubwa wake kama flashi, kina matundu mawili: la kijani la hedifoni na la pinki la maiki. Ni kadi ya sauti ya USB, yaani kifaa kinachoitolea kompyuta sauti kwenye hedifoni na kuingiza ile ya maiki. Nitawaambia inafanyaje kazi, ila niwe mkweli tangu mwanzo: wengi wanaoikimbilia dukani hawaihitaji.

Kwa sababu hadithi ni ileile. Kompyuta ya mezani imenyamaza ghafla, mtu anabadilisha spika, anabadilisha waya, kimya. Basi, anasema kadi ya sauti ya ndani imeungua. Ngoja kwanza. Umeunganisha monita mpya? Waya wa HDMI haubebi picha peke yake, unabeba na sauti, na Windows inapenda kuihamishia sauti huko bila kukuuliza. Sasa monita zenyewe nyingi hazina spika.

Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter. Naipenda njia hii kwa kuwa dirisha hili la mipangilio ya sauti lipo tangu enzi za Windows 7 mpaka 11, wakati ule ukurasa mpya wa mipangilio wanaupangua kila toleo. Angalieni skrini yangu. Nacheza wimbo, sioni kitu kwenye spika, lakini pale kwenye jina la monita vile vistari vya kijani vinapanda na kushuka. Umeshamkamata mwizi! Naichagua Realtek, yaani kadi iliyomo kwenye mazabodi (ubao mkuu ndani ya kompyuta), naifanya chaguo-msingi... haya, mnasikia? Na sijatoa hata senti.

Vistari vikipanda kwenye spika na bado husikii, chomeka hedifoni kwenye tundu la kijani la nyuma. Nyuma kukilia na mbele kukawa kimya, kadi ni nzima. Zima kompyuta, chomoa umeme, fungua kasha, utafute waya mwembamba unaotoka kwenye matundu ya mbele. Unachomekwa kwenye pini 9 pembezoni mwa mazabodi, na mara nyingi aliyefungua kupuliza vumbi ndiye aliyeuacha unaning'inia.

Na wewe ambaye muziki unajishusha wenyewe kila ukiingia kwenye mkutano wa video, rudi kwenye dirisha lile, kichupo cha mwisho. Windows imepangwa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 ikihisi unaongea na mtu. Chagua isifanye chochote.

Sasa kidude chetu. Kinakufaa pale ambapo tundu limelegea kweli, au ukivaa hedifoni unasikia mvumo na vimlio kila ukisogeza kipanya. Ule ni umeme wa mazabodi unaoingilia sauti, na kadi ya nje inakwepa sehemu kubwa ya kelele hizo. Nachomeka, bila CD, bila kupakua draiva (programu ya kukiendesha), Windows imeshaitambua. Kwa vipimo vya ubora wa sauti, hii yangu inafika biti 16 na 48,000 Hz. Kwa muziki, masomo na mikutano, inatosha kabisa. Kwenye hedifoni sina malalamiko.

Maiki ndiyo inayoniudhi. Ni hafifu. Nimeipandisha mpaka 100 na bado inabidi niisogeze karibu na mdomo, kisha nikiongeza nguvu kwa desibeli 20 mnasikia huo mfoko nyuma ya sauti yangu? Wa podikasti, hii siyo yenu. Halafu kama hedifoni zako ni za simu, zile za plagi moja yenye pete tatu, kwenye tundu la kijani utasikia vizuri ila maiki yake haitafanya kazi. Nunua na kigawanyio cha waya, kile kinachotenganisha maiki na hedifoni.

Kichomekeni nyuma ya kompyuta; matundu ya USB ya mbele hupitia waya mrefu ndani ya kasha, na kelele nazo hupita humohumo. Na muuzaji akikuonyesha yenye maandishi ya 7.1 kwa bei ya juu zaidi, hesabu matundu. Mfumo wa 7.1 unahitaji spika nane, na tundu moja la hedifoni linatoa kushoto na kulia tu. Hayo mengine ni programu inaigiza. Chukua ile ya kawaida.