Tope la bayogesi kama mbolea: tathmini baada ya misimu mitatu

Tope litokalo kwenye mtambo wetu wa bayogesi, uliojengwa nyuma ya banda la ng'ombe wawili hapa Arumeru, tumelitumia kwa misimu mitatu kwenye migomba, mahindi na chainizi, nami nalipendelea kuliko samadi mbichi. Ndani ya mtambo kinachopungua hasa ni kaboni, ambayo hugeuka gesi ya kupikia, ilhali naitrojeni, fosforasi na potasiamu zilizokuwa kwenye kinyesi hubaki karibu zote, na sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huwa tayari imekuwa amonia, ambayo mmea hauisubiri muda mrefu. Chainizi tuliyoimwagilia tope lililozimuliwa kwa maji, kiasi kwa kiasi, ilikolea kijani kabla wiki ya pili haijaisha. Harufu ni ndogo, nzi wamepungua, na magugu yanayoota ni machache kuliko tulipokuwa tukitumia samadi ya bandani.

Amonia hiyohiyo, hata hivyo, hupotea hewani upesi, na hilo tulijifunza kwa hasara. Fundi aliyetujengea mtambo hakutueleza lolote kuhusu kuhifadhi tope, kwa hiyo msimu wa kwanza tuliliacha juani kando ya tundu la kutokea hadi likawa magamba makavu yaliyopasukapasuka, mepesi mkononi, tukayabeba kwa ndoo hadi kwenye mahindi, na mahindi yakabaki na umanjano hadi yalipotoa mbelewele. Iliniuma, kwa sababu kosa lile lingeweza kuzuiwa kwa maelezo ya dakika tano. Sasa tope huingia kwenye shimo lililoezekwa kwa majani ya migomba, nasi hulitoa jioni, tukalimimina kwenye mfereji uliochimbwa kando ya mstari wa mimea na kulifukia papo hapo.

Kwenye mboga zinazoliwa mbichi silitumii, kwa kuwa joto la mtambo wa nyumbani halitoshi kuua vimelea vyote vya maradhi.

Kasoro yake kubwa ni uzito. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za tope ni maji, na kulipeleka kwa mkokoteni hadi shamba la mbali kunachosha mno. Kwa shamba hilo tunalimwagia kwenye lundo la mabua na majani makavu, tunaligeuza mara kadhaa, kisha tunabeba mboji.