Bidhaa 143 zikabaki mbili, nami nikaambiwa nisome ujumbe

Nilianza kwa kuipa huduma hii nyota moja. Nikapandisha hadi tatu, nikashusha tena. Mkisoma mpaka chini mtajua kwa nini.

Nauza sabuni za mwani, mafuta ya nazi na ya mkarafuu, na viungo vya kufungwa, hapa Unguja. Wanunuzi wangu wengi hawako Unguja, wako Dar, Mombasa na Muscat, na wananikuta mtandaoni. Kwa hiyo kila mwezi nalipia huduma ambayo kazi yake ni moja tu: kuchukua faili langu la bidhaa na kulipeleka kwenye masoko na matangazo. Mimi natengeneza faili, wao wanalipeleka. Sitawaeleza vifurushi vyao wala bei, hayo yapo kwenye ukurasa wao.

Asubuhi moja, siku chache kabla ya Ramadhani, nafungua duka nakuta bidhaa mbili. Sabuni ya mchaichai, na pakiti ya majani ya chai ninayoletewa kutoka Kenya. Nyingine 141 hazipo. Juu kuna mstari mwekundu: "Kitambulisho cha bidhaa kimejirudia."

Kwa asiyejua: kila bidhaa kwenye faili lazima iwe na kitambulisho chake peke yake. Mbili zikitumia kimoja, mfumo unaona ni bidhaa moja iliyoandikwa mara mbili, unabakiza mstari mmoja. Mimi nilikuwa natumia namba ya bakodi, zile tarakimu 13 chini ya mistari myeusi, kuwa kitambulisho, kwa sababu sikuona namba ya uhakika kuliko hiyo. Nimezilipia, zimesajiliwa, zimebandikwa kwenye kila kifungashio. Nilitoa maboksi sebuleni nikakagua kimoja kimoja, sabuni kwa sabuni, mpaka adhana ya adhuhuri. Hakuna namba niliyoiona imejirudia.

Nikapiga simu.

Aliyepokea hakunisalimia. Alisema, "Eleza tatizo." Nikamsalimia mimi, "Habari za mchana, mwanangu." Kimya, nasikia vidole tu kwenye kibodi. Nikaeleza. Akanijibu, na maneno haya nayakumbuka yote: "Mama, ujumbe umeandikwa kwa Kiswahili. Umerudia vitambulisho. Soma."

Nikamwambia nimesoma, na sijarudia kitu. Akasema mfumo haukosei. Niweke moja, mbili, tatu mwishoni mwa kila kitambulisho, kosa litaondoka. Akakata simu nikiwa katikati ya sentensi.

Nina watoto watatu na mdogo wao ana umri wa yule kijana kwa sauti yake. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kumkatia simu mtu mzima. Niliweka simu mezani nikakaa tu.

Lakini nilifanya alivyosema, kwa sababu siku zilikuwa zinakwenda. Nikaandika fomula inayochukua kitambulisho na kuongeza namba ya mstari. Niliona masifuri mengi yamejipanga katikati ya namba, nikasema labda ndivyo mashine inavyoandika. Nikapandisha faili. Mstari mwekundu ukaondoka, bidhaa zote 143 zikarudi. Nilimshukuru Mungu, na nilitaka hata kumpigia yule kijana nimwambie ahsante. Siku ile ningewapa nyota nne.

Wiki haikuisha, nikaongeza sabuni mpya na kulipanga faili upya kwa alfabeti. Mistari ikahama, na fomula ikagawa namba upya. Kitambulisho chenye 17 mwishoni, kilichokuwa cha sabuni, kikawa cha mafuta ya mkarafuu. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho yule kijana, kwa kazi yake, alipaswa kukijua kabla yangu: masoko hayakumbuki jina la bidhaa, yanakumbuka kitambulisho. Maoni ya wateja, historia ya matangazo, vyote vimefungwa pale. Jina likabadilika upesi, bei ikachelewa kubadilika. Mteja wangu mmoja wa Muscat, dada ambaye mama yake ni mtu wa Pemba, akaagiza chupa sita za mafuta ya mkarafuu kwa bei ya sabuni. Nilimpelekea. Ningemwambia nini, kwamba mfumo haukosei? Hasara ile niliibeba mwenyewe.

Aliyenitoa gizani hakuwa mtu wa huduma hii. Alikuwa kijana wa steshenari pale Michenzani, nilipokwenda kuchapa karatasi za mzigo huohuo wa Muscat. Aliniona nimekasirika, akasema, "Lete nione, mama." Nilikuwa na faili lile la kwanza kwenye flashi. Hakulifungua kwenye programu ya lahajedwali, ile ya majedwali ya hesabu kama Excel. Alilifungua kwenye programu ya maandishi matupu, ile isiyopamba kitu. Na pale safu nzima ya vitambulisho ikaonekana jinsi ilivyo: tarakimu sita, kisha herufi E, kisha +12. Mstari baada ya mstari, zote sawasawa.

Akaniuliza swali ambalo nilitarajia kuulizwa siku ya kwanza: "Kwa nini zilibaki bidhaa mbili na si moja?" Akalijibu mwenyewe. Bakodi zilizosajiliwa Tanzania zinaanza na 620, za Kenya 616. Namba zangu zote zinaanzia kwenye kampuni moja, kwa hiyo tarakimu sita za mwanzo ni zilezile kwa kila sabuni na kila chupa. Lahajedwali, ikiona tarakimu 13 zimeshikana, inadhani ni kiasi cha kuhesabia, inakifupisha. Ukilihifadhi faili kwa mtindo wa CSV, yaani maandishi matupu yanayotenganishwa kwa mkato, inaandika ule ufupisho, na tarakimu saba zilizobaki zinapotea moja kwa moja. Bidhaa zote za 620 zikawa moja, na chai zote za 616 zikawa moja.

Na kwa nini mimi sikuona? Kwa sababu safu ile kwenye skrini yangu ilikuwa inaonyesha ufupisho siku zote, hata pale namba zilipokuwa nzima kwa ndani. Na kwa nini ilitokea wiki ile na si mwaka uliopita? Kwa sababu wiki ile ndiyo huduma hii iliyoacha kupokea faili la kawaida la lahajedwali na kudai CSV tu. Taarifa yao ilikuwa sentensi moja. Hawakusema lolote kuhusu namba ndefu.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Chini ya mstari mwekundu kulikuwa na ujumbe wa pili: "Namba ya bakodi si sahihi." Nilipiga picha ya skrini nikawatumia, zote mbili zinaonekana. Tarakimu ya 13 ya bakodi ni ya ukaguzi. Unachukua zile 12, unazizidisha kwa 1 na kwa 3 kwa zamu, unajumlisha, na kinachokosekana kufikia kumi inayofuata ndicho kinachokaa mwisho. Namba iliyokatwa na kujazwa masifuri mara nyingi haipiti hesabu hiyo. Mtu wa kazi hii akiona makosa hayo mawili pamoja anajua namba zimeharibika njiani, si muuzaji aliyerudia. Ilitosha ashushe macho kidogo. Aliyeambiwa asome ni mimi, na ambaye hakusoma ni yule kijana wa simu.

Dawa yenyewe haifiki robo saa. Iambie lahajedwali kwamba safu ile ni maandishi kabla hujabandika namba. Faili la CSV usilibofye kulifungua, liingize kwa kuleta data na uchague maandishi kwa safu hiyo. Na ukimaliza, litazame kwenye maandishi matupu kabla ya kulipandisha. Wenye bidhaa za Marekani ambazo bakodi zake zinaanza na sifuri muangalie pia, sifuri ya mbele hufutwa vilevile.

Sasa niwe mkweli. Baada ya kuandika malalamiko yangu marefu, akanipigia binti wa ofisi hiyohiyo. Neno lake la kwanza: "Shikamoo, mama." Nilikuwa nimejiandaa kugomba, nikashindwa. Akakaa nami kwenye simu karibu saa nzima. Nilitaka kubadili vitambulisho vyote viwe na herufi, SBN-MCH-100 na kadhalika, visiguswe tena na mashine. Akanizuia. Akasema vya zamani nivirudishe vilevile, maana kitambulisho kipya kwa soko ni bidhaa mpya isiyo na historia, herufi niziweke kwa bidhaa mpya tu. Tukapitia mistari yote. Na akakuta kweli kosa langu moja: sabuni ya mdalasini ya gramu 100 na ile mpya niliyoiongeza, ya gramu 250, zilikuwa na bakodi moja. Nilikubali. Kila ukubwa unataka namba yake, kinachoziunganisha ni kitambulisho cha kundi, kinachoonyesha ni sabuni ileile kwa ukubwa tofauti. Nimeagiza vibandiko vipya.

Nilipokata simu nilikuwa na machozi, na nikaja hapa nikaweka nyota tatu.

Usiku nikakumbuka tulivirudisha vitambulisho vya zamani kutoka wapi. Kwao! Faili langu la mwisho lililokuwa zima lilikuwa limehifadhiwa kwao muda wote. Yule kijana alikuwa nalo mbele yake siku ile ya kwanza. Angeliweka pembeni ya jipya angeona dakika ileile, na mafuta yangu ya mkarafuu yasingekwenda Muscat kwa bei ya sabuni. Na ujumbe wao hadi leo unasema kitambulisho kimejirudia bila kuonyesha ni kipi. Wangekiandika pale pale, ile E ningeiona mwenyewe.

Nimeshusha hadi mbili, na zote mbili ni za yule binti. Malipo ya mwezi ujao sijalipa, bado nafikiria. Kijana akinipigia na kuanza kwa salamu, nitarudi kuongeza ya tatu.