Nililipia hisabati ya fizikia ya kwanta, nikaambiwa nirudi form four

Wadau, kuna kozi ya mtandaoni inayofundisha kwa Kiswahili hisabati ya kuielewa fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo sana kama atomu na elektroni. Jina la mwenye kozi silitaji. Anayetaka kulipia asome hapa kwanza, halafu aamue na pesa yake.

Mimi ni fundi umeme, nina diploma, nipo Morogoro. Vitabu vya kwanta nimevishika muda mrefu. Maelezo yake nayaelewa, ila zikianza alama nabaki natazama ukurasa. Kwa hiyo tangazo lilipopita kwenye simu nililipa siku hiyohiyo, hata punguzo sikuomba.

Haki yake nimpe kwanza. Masomo ya mwanzo ni matamu, aisee. Wengine wengi wanakurusha moja kwa moja kwenye mlinganyo wa Schrödinger, ule mkuu wa kwanta, kalkulasi juu ya kalkulasi. Huyu anaanza na spini ya elektroni, tabia inayoifanya iwe kama kisumaku kidogo: ukiipima kuna majibu mawili tu, juu au chini. Anaieleza kwa matriksi za Pauli, majedwali matatu ya namba ya mbili kwa mbili yanayoitwa sigma x, sigma y na sigma z. Matriksi za ukubwa huo tumezizidisha wote form four. Namba changamano ndizo zinazowatisha watu, lakini sisi wa umeme tunakula nazo kila siku kwenye saketi za AC, ila mzizi wa −1 tunauandika j badala ya i, kwa sababu i tumeshaipa mkondo. Zidisha sigma x kwa sigma y, unapata i mara sigma z. Geuza mpangilio, anza na sigma y: jibu ni lilelile lakini lina alama ya kutoa. Nilifanya mwenyewe kwenye karatasi, nikacheka peke yangu. Na kumbe yale majibu mawili ya spini ndiyo sababu mwaka 1922 wanafizikia Stern na Gerlach walipopitisha atomu za fedha kwenye sumaku walipata mafungu mawili badala ya doa moja lililotawanyika. Hadi hapo nilikuwa nampigia debe kwa kila mtu kazini.

Sasa njoo somo la katikati. Mwalimu anaandika xp − px = iħ, x ni mahali, p ni momenta (tungamo mara kasi), ħ ni namba ndogo isiyobadilika ya kwanta. Anasema, "Chukulieni x na p kuwa matriksi, ni dhahiri," anasonga mbele. Dhahiri kwa nani? Nikakaa nizitafute hizo matriksi. Mbili kwa mbili, zimegoma. Tatu kwa tatu, zimegoma. Nikaanza kuona kitu: ukizidisha matriksi mbili, ukageuza mpangilio, ukatoa, namba za ulalo mkuu, toka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, zikijumlishwa zinatoa sifuri. Kila mara! Angalia hizo za Pauli: juu unapata 2i, chini −2i, jumla sifuri. Lakini upande wa kulia wa mlinganyo wake ulalo wote ni iħ. Zikiwa mbili jumla ni 2iħ, zikiwa kumi ni 10iħ, sifuri haiji ng'o. Maana yake mlinganyo mkuu wa kozi nzima hauwezekani kwa matriksi alizotufundisha.

Nikapiga picha daftari, nikaweka kwenye grupu la WhatsApp la kozi, kwa adabu zote: "Samahani mwalimu, naomba msaada, hapa nakwama." Jibu lake hili: "Kaka, hili si darasa la mafundi. Hayo ni maswali ya form four, rudi ukafanye mazoezi ya kuzidisha." Mbele ya watu wote. Kuna dada akaandika kwamba hata yeye amekwama palepale. Hazikupita dakika, grupu likafungwa, admini peke yake ndiye anaandika.

Maswali ya form four! Mwanafizikia Heisenberg alipoanza jambo hili la kwanta kwa matriksi mwaka 1925 alikuwa na miaka 23 na alikuwa hajui matriksi ni kitu gani. Alikuwa na majedwali yake ya namba, akasumbuliwa na kwamba ukigeuza mpangilio wa kuzidisha jibu linabadilika. Profesa wake, Max Born, ndiye aliyetambua kwamba zile ni matriksi, kwa kuwa alizisoma akiwa mwanafunzi. Hakumwambia kijana akafanye mazoezi. Huyu wetu angemtoa grupuni.

Na jibu lenyewe nimelipata kwa kuhangaika mwenyewe: matriksi za x na p hazina mwisho, safu na mistari haikomi. Ukizikata zikawa tatu kwa tatu, ulalo wa xp − px unatoka iħ, iħ, halafu −2iħ. Ukikata nne kwa nne unapata iħ tatu na −3iħ kwenye kona. Yaani kasoro yote inasukumwa kwenye kona ya mwisho, na matriksi isiyo na mwisho haina kona ya mwisho. Basi! Sentensi mbili angenijibu. Hilo ndilo lango la kuingilia nafasi ya Hilbert, uwanja wa kihisabati unaoweza kuwa na vipimo visivyo na mwisho, anayoifundisha somo linalofuata kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Naanza kuamini hakujibu kwa sababu jibu hana. Labda namsingizia. Lakini anayejua jambo hatukani mtu, anajibu.

Nilikuja hapa kuipa nyota moja. Halafu nikikumbuka masomo ya mwanzo naona ni dhuluma, sijaona pengine kwa Kiswahili mtu akikufikisha kwenye spini kwa hisabati ndogo vile, bila kukutia hofu. Nyota tatu, basi. Ila juzi amenitumia tangazo la sehemu ya pili, ananiita "mwanafunzi wetu mpendwa", na grupu bado amelifunga. Mbili. Ukiamua kulipa, pakua video zote hadi pale pa spini uangalie bila bando, fanya kila zidisho kwa mkono wako, na ukifika kwenye xp − px usimuulize kitu.