Nyota moja kwa "mtaalamu wa ramani" aliyeng'ang'ania wasifu wa duka letu

Nianze na lililoniudhi, mengine yatafuata. Kijana mmoja hapa Tanga anayejitangaza kuwa anapandisha biashara kwenye ramani ya Google alilipwa laki na nusu kwa ajili ya duka letu la vipuri vya baiskeli, Ngamiani. Kazi akaifanya. Alipoombwa akabidhi umiliki wa wasifu wa biashara, yaani ukurasa wa duka unaotokea mtu akilitafuta Google, akajibu kwa sauti ya WhatsApp: "Mzee wangu, duka lenyewe la spoku na pedeli, umiliki wa nini tena?"

Umiliki wa nini! Hizo spoku na pedeli ndizo zilizomlipa. Na huu ni mji wa baiskeli: muuza maziwa, mwanafunzi, anayetoka Soko la Mgandini na mzigo wake, wote wakipata pancha wanatafuta fundi, na siku hizi wengi wanamtafuta kwenye simu kabla ya kuuliza njiani.

Kwa nini umiliki ni jambo zito? Wasifu wa biashara kwenye Google una mmiliki wa msingi, halafu wamiliki wengine, halafu wasimamizi. Msimamizi anabadilisha saa za kazi, anapandisha picha, anajibu maoni. Hawezi kuongeza mtu wala kumtoa mtu, na hawezi kuufuta wasifu. Huyu bwana aliufungua kwa barua pepe yake mwenyewe, akajiweka mmiliki wa msingi, mwenye duka akamweka msimamizi. Maana yake mwenye duka ni mpangaji kwenye nyumba aliyoijenga kwa pesa zake. Siku wakikosana, au kijana akisahau nywila yake, hakuna cha kushika.

Sasa haki yake nimpe. Pini, ile alama ya duka kwenye ramani, ilikuwa imetua barabara nyingine kabisa, wateja wanazunguka na kupiga simu "mbona sioni duka?". Aliisogeza hadi mlangoni, akakagua kwa picha ya setilaiti, ikakaa. Aina ya biashara ilikuwa imeandikwa "duka" tu, neno lisilomwambia mtu chochote. Akaweka duka la baiskeli kuwa aina kuu, na fundi wa baiskeli kuwa ya ziada. Hapo ndipo penye kazi kubwa, maana Google hupanga matokeo ya karibu kwa mambo matatu: unauza kinacholingana na kilichotafutwa, uko umbali gani na anayetafuta, na unajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuuhamisha. Aina ya biashara unaweza kuirekebisha kwa dakika mbili, na wengi hawaigusi. Saa za Ijumaa alizigawa vipande viwili, kabla na baada ya sala, hilo wengi hawajui kuwa linawezekana. Picha alizipiga vizuri: bango likisomeka, mlango ukionekana kutoka ng'ambo ya barabara, benchi la fundi na rimu zimening'inia. Simu zikaanza kuingia kutoka Makorora, kutoka Chumbageni, hadi Pongwe. Ningeandika wakati ule angepata nyota nne, na ningeandika kwa moyo mweupe.

Lakini jina!

Jina la duka letu ni maneno mawili, ndiyo yaliyo kwenye bango na ndiyo yaliyo kwenye leseni. Bila kumuuliza mtu, akaongeza nyuma yake "Vipuri Baiskeli Pikipiki Fundi Bora Bei Poa Tanga Mjini". Hii hila mafundi wa namna hii wanaipenda kwa sababu inafanya kazi kwa muda, duka linapanda kweli na mteja anafurahi na kulipa. Sheria ya Google haina utata: jina liwe lile linalotumika mtaani, kwenye bango na kwenye karatasi zako. Maneno ya ziada ni kosa. Mtu yeyote mwenye simu, jirani unayeshindana naye akiwemo, anaweza kubonyeza "pendekeza mabadiliko" akaliripoti. Ikatokea asubuhi moja wasifu wetu umesimamishwa. Ukitafuta duka, halipo. Pini haipo, picha hazipo, namba ya simu haipo, na ilikuwa Ramadhani inakaribia mwisho, watu wananunulia watoto baiskeli za Idi.

Alipoulizwa akasema ni "mambo ya mfumo", aongezewe elfu themanini aurudishe. Hapo ndipo nyota zilipoanza kudondoka mkononi mwangu moja moja.

Maana kuurudisha hakuhitaji elfu themanini. Unalirudisha jina kama lilivyo kwenye leseni, herufi kwa herufi. Kisha unakata rufaa kwenye ukurasa wa rufaa wa Google, bila malipo. Ushahidi uuandae kabla hujaanza, kwa sababu ukishafungua fomu ya kuambatanisha una dakika 60 tu: leseni ya biashara, cheti cha usajili wa jina kutoka BRELA (wakala wa usajili wa biashara), cheti cha TIN (namba ya mlipakodi). Jina na anwani kwenye karatasi vilingane na vilivyo kwenye wasifu. Leseni ikisema barabara moja na wasifu ukasema nyingine, unajiongezea maswali. Na usifungue wasifu mpya kwa hasira wakati wa zamani umesimamishwa. Unazaa pacha, na pacha naye ni kosa.

Wasifu ulio hai lakini umeshikwa na mtu mwingine una njia yake. Unauomba umiliki palepale kwenye ramani. Aliyeushika ana siku 3 za kujibu. Akikaa kimya, unaweza kupewa nafasi ya kuthibitisha mwenyewe, mara nyingi kwa video: piga mfululizo bila kukata, onyesha barabara na majirani, kisha bango, kisha jambo ambalo mwenye duka tu anaweza kulifanya, kama kufungua kufuli la mlango kwa ufunguo. Mmiliki mpya husubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa kumtoa wa zamani.

Sisi hatukufika huko. Wazee wa pande zote mbili walizungumza, kijana akahamisha umiliki, jina likarekebishwa, rufaa ikakubaliwa. Kwa hilo nilikuwa tayari kumrudishia nyota mbili, labda tatu, pini ile bado naikumbuka.

Kisha nikasoma maoni. Ametupandishia nyota tano tano za akaunti ambazo hazijawahi kununua hata valvu. Moja imeandika: "Chakula kitamu, wahudumu wachangamfu, nitarudi na familia." Duka la baiskeli! Jingine linasifu vyumba visafi. Maoni ya kununua yamekatazwa, na yakigundulika wasifu unaweza kuzuiwa kupokea maoni mapya kwa muda, hata yale ya kweli ya mteja aliyezibiwa pancha akaridhika. Na anayesoma "chakula kitamu" kwenye duka la tairi hatatuamini hata kwenye bei ya tyubu.

Nimeyaripoti moja moja kwa sababu ya maudhui yasiyo ya kweli. Baadhi yameondoka, lile la chakula bado lipo. Njia ya haraka ni aliyeandika ayafute mwenyewe, na akaunti anazijua yeye. Nimemwandikia, amesoma, kimya. Akiyafuta yote nitakuja kubadilisha hapa ziwe mbili. Ya tatu haipati, kwa ile sauti yake ya spoku na pedeli.